Maneno ya Bandani

Watu walimwita Bi Ndoo, na jina lilimkaa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na hakuna aliyewahi kumwona akikatiza ua wa nyumba yake mikono mitupu. Akienda bombani ana ndoo, akitoka bandani ana ndoo. Hata siku ya harusi ya binti yake, kitinda mimba, walimtafuta wee, wakaja kumkuta nyuma ya nyumba na vazi lake la hariri, mikono ya nguo kaikunja hadi juu ya viwiko, anamnywesha ndama.

"Mama! Wageni wanakuulizia!" binti alimaka.

"Waambie nakuja. Huyu naye mgeni, kazaliwa juzi."

Mumewe alikuwa Mzee Kofia. Kofia yenyewe ilikuwa ya sufu, na rangi yake ya kwanza ilishasahaulika. Kila akikamua aliegemeza kichwa ubavuni mwa ng'ombe, kwa hiyo kofia ile ilikuwa imekunywa jasho la ng'ombe wa kila rika, na majirani walipenda kusema kuwa ndama wachanga humfuata yeye wakidhani ni mama yao. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na mchoyo wa maneno.

Walikuwa na nyumba ya matofali yenye baraza nyembamba, ua wa saruji uliopasuka pasuka, banda la mabati, stoo ya majani makavu, shimo la samadi, na kipande cha malisho kilichoteremka mpaka kwenye kijito. Ng'ombe wao walikuwa sita. Mkubwa wao alikuwa Shangazi, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna kilichowahi kumridhisha: majani yakiwa makavu anasusa, yakiwa mabichi anasusa, ukichelewa anakuangalia kama umemvunjia heshima mbele ya watu.

Jua likianza kugusa mapaa, kazi za jioni zilianza, na kila mtu alijua zake. Bi Ndoo alikata majani kwa mashine ya mkono, akachanganya na pumba, akajaza hori. Mzee Kofia alizoa samadi kwa koleo, akaisukuma kwa toroli mpaka shimoni, akarudi kumwaga maji sakafuni na kufagia. Kisha yakaja maji ya vuguvugu na kitambaa cha kuoshea viwele, mafuta kidogo ya kulainishia chuchu, kamba ya kumfunga miguu yule mwenye mateke, na vigoda viwili. Kila mmoja akachukua ng'ombe wake, wakakaa, migongo ya ng'ombe kati yao.

Na hapo ndipo walipozungumza.

Walizungumza hasa. Mpita njia aliyekuwa akirudi kutoka kazini aliwasikia kutoka barabarani, sauti ya mume nzito, ya mke juu kidogo, maziwa yakilia ndani ya ndoo, mara kicheko. Watu walisema, tazama wale, wamezeeka lakini bado wanapiga soga kama wachumba. Wake waliwatolea waume zao mfano.

Lakini taa ya banda ikizimwa, maziwa yakishachujwa na kukabidhiwa mchukuzi mwenye pikipiki pale getini, wawili wale waliingia ndani na kunyamaza. Mume alikula sebuleni na redio yake. Mke alikula jikoni, kwenye kigoda, mgongo ukutani. Kulala, yeye alilala chumba walichokuwa wakilala mabinti, mume akabaki chumba kikubwa. Hawakugombana wala kutupiana vijembe, na milango haikubamizwa. Ilikuwa kana kwamba kizingiti cha nyumba ni forodha, na ulimi ni bidhaa isiyoruhusiwa kuvuka.

Ilianza zamani, kitinda mimba akiwa bado ananyonya. Mama yake Bi Ndoo aliugua, kwao, mwendo wa siku nzima. Habari ililetwa na jamaa aliyekuwa akipita. Ulikuwa msimu mbaya: ng'ombe watatu walikuwa karibu kuzaa, na mmoja alikuwa ameshaanza, ndama kakaa vibaya. Bi Ndoo alikwenda mpaka mlangoni mwa banda, mtoto mgongoni, akamkuta mumewe kapiga magoti kwenye majani, mkono wote umo ndani ya ng'ombe.

"Mama anaumwa sana," alisema. "Nataka niende."

Mumewe hakugeuka. Alisema, "Na hawa?"

Bi Ndoo alisimama pale kidogo. Kisha akageuka, akaenda kuchemsha maji, akabaki. Wiki haikuisha, jamaa yule yule alirudi, safari hii kofia kaishika mkononi. Mama alikuwa ameshazikwa. Bi Ndoo alipokea habari, akamkaribisha mgeni chai, akaosha kikombe. Hakulia mbele ya mtu. Usiku ule akabeba godoro lake, akalitandika chumba cha mabinti. Mume aliliona godoro likipita ukumbini, akausogelea ukuta ili lipate nafasi. Hakuuliza kitu. Basi, ikawa hivyo.

Mwanzoni hata bandani hawakusemezana. Lakini ng'ombe hakamuliwi na watu wawili walionuniana. Lazima useme, shika mkia. Lazima useme, angalia huyo, leo ana joto. Shangazi akipiga teke, lazima mmoja amtukane na mwingine acheke. Taratibu maneno ya ng'ombe yakazaa maneno mengine. Mkubwa anataka kuacha shule. Bati la jikoni linavuja. Mdogo wako yule nimemwota. Ndoa za watoto ziliamuliwa pale, majina ya wajukuu yalichaguliwa pale, na msiba wa kaka yake Mzee Kofia, aliyempenda kuliko watu wote, aliulilia pale, kichwa ubavuni mwa ng'ombe, huku mkewe akikamua upande wa pili na kujifanya hasikii. Kila kitu kilipata kusemwa bandani isipokuwa kile kimoja.

Watoto walikua hivyo hivyo, wakioa na kuolewa, wakidhani ndivyo wazee wote walivyo.

Mwaka mmoja Mzee Kofia alileta mtamba kutoka mnadani. Alikuwa mtamba mzuri, mweupe mwenye doti nyeusi usoni, mwenye mimba changa, na aliyemuuza alikuwa na haraka sana ya kuondoka. Wakamwita Kidoti. Bi Ndoo alimpenda tangu siku ya kwanza, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kumlamba kiwiko akiwa anamwekea majani.

Mvua zilipochanganya, Kidoti alitupa mimba. Mzee Kofia alimkuta asubuhi, kitu kidogo chenye manyoya haba kimelala majanini, na kondo la nyuma halijatoka. Akakunja shati, akalitoa kwa mikono mitupu kama alivyofanya maisha yake yote, akanawa, akaendelea na kazi.

"Pengine kateleza," alisema jioni ile.

"Pengine," alisema Bi Ndoo.

Mimba ya pili kutupwa ilikuwa ya Shangazi, akiwa amebakiza muda mfupi tu. Huyo hakuteleza. Shangazi alikuwa hatembei ovyo. Alisimama juu ya ndama wake mfu na kumlamba, akamlamba mpaka manyoya yakasimama, na Mzee Kofia aliposogea kumwondoa, ng'ombe yule akamgeuzia pembe. Ikabidi Bi Ndoo amshike kichwa na kumsemesha masikioni huku mume akimvuta yule mfu nyuma ya banda. Wote wawili walikuwa wamelowa damu na maji hadi mapajani. Wa tatu alipotupa, roho za wote zikawa juu juu, wakamwita daktari wa mifugo.

Alikuwa mwanamke kijana, mwenye miwani na buti za mpira. Alichukua damu ya kila ng'ombe kwenye vichupa, akaondoka. Aliporudi hakuingia bandani. Alisimama nje ya geti la banda, na hapo Bi Ndoo akajua.

"Baba, majibu nimekuja nayo," alisema, "na si mazuri."

"Sema."

"Ni ugonjwa wa kutupa mimba. Wanne wanao bila shaka. Wawili damu yao haijakaa sawa, lakini wamelala pamoja, wamekula hori moja."

"Dawa yake?"

"Kwa ng'ombe hatuna dawa ya kusema tutawaponya. Inabidi waondolewe. Wote."

"Waondolewe waende wapi?"

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti ingawa haikuwa na vumbi. "Lori litakuja kesho, baba. Samahani sana. Maziwa myamwage shimoni, msimpe mtu. Na nyinyi wenyewe mkapimwe. Hasa wewe, kama uliwasaidia kuzaa. Mnakunywa maziwa mabichi?"

Bi Ndoo alimtazama mumewe. Kila jioni, tangu amjue, Mzee Kofia alichota bakuli la maziwa moja kwa moja kutoka kwenye ndoo, povu likiwa bado juu, akalimaliza amesimama. Yeye Bi Ndoo maziwa yasiyochemshwa yalimtia kichefuchefu.

"Mimi mzima," alisema Mzee Kofia. Akachukua toroli, akaenda zake.

Jioni ile waliwakamua kwa mara ya mwisho. Haikuwa na maana, lakini kiwele kikijaa kinauma, na hawakutaka walale na maumivu. Majani Bi Ndoo aliyakata laini kuliko siku zote. Pumba alizomimina zilikuwa za wiki nzima. Ng'ombe walikula kwa mshangao wa furaha, hata Shangazi hakususa. Bi Ndoo alikuwa na mengi kifuani. Alitaka kusema, tutafanyaje sasa. Alitaka kusema, mimi na wewe tutafanyaje. Aliegemeza paji lake la uso kwa Kidoti, akasubiri sauti ya mumewe ianze kama ilivyoanza kila siku.

"Kamba hii imeoza," alisema Mzee Kofia mwishowe, kutoka upande wa pili.

"Ya kitambo."

"Nilitaka kununua nyingine."

"Basi acha."

Wakamaliza. Walibeba ndoo mpaka shimoni, wakamwaga, na maziwa yakatambaa meupe kabisa juu ya samadi, yakakaa kidogo kabla ya kuzama. Mchukuzi wa maziwa alipita getini, akapunguza mwendo, akawaona, akainua mkono. Hakusimama.

Lori lilipokuja, ng'ombe walipanda vizuri, kwa kuwa walikuwa wamezoea kuamini. Shangazi ndiye aliyeleta matata, akagoma mlangoni, miguu kaichimbia. Dereva akashika fimbo.

"Weka hiyo chini," Mzee Kofia alimwambia. Akapanda yeye mwenyewe ndani ya lori, akamwita kwa mluzi ule wa jioni, na Shangazi akamfuata.

Hilo ndilo lililomtafuna kuliko yote. Alimwambia binti yake baadaye sana, "Nilimdanganya kwa sauti yangu."

Siku zilizofuata zilipita hivi hivi. Asubuhi zilivumilika, kwani asubuhi mtu hujipa kazi. Jioni ndizo zilizoua. Jua likigusa mapaa, mikono ya Bi Ndoo ilianza kuwasha. Alijikuta kasimama uani na ndoo tupu, hajui aliichukua saa ngapi. Alisugua sufuria ambazo zilishasuguliwa. Alifua mapazia. Mzee Kofia alifungua redio, akaifunga, akatoka. Bi Ndoo alimsikia kule bandani akifagia. Banda lilikuwa limeoshwa kwa dawa na kupigwa chokaa, hakukuwa na unyasi wa kufagia, lakini ufagio ulisikika, taratibu, kutoka ukuta mpaka ukuta.

Na hawakusemezana. Tangu lori liondoke hawakuwa wamesema neno zaidi ya chai hii hapa na mvua inakuja.

Jioni moja Bi Ndoo alijikaza, akaenda. Alisimama mlangoni mwa banda. Mumewe alikuwa katikati, kauegemea ufagio, kofia kaivuta mpaka kwenye nyusi. Aliinua uso akamwona. Walitazamana katika nafasi ile nyeupe iliyonuka dawa, na Bi Ndoo aliona mdomo wa mumewe ukifunguka. Alitaka kusema kitu, masikini, ilionekana wazi. Lakini miaka yote ile walikuwa wameanza na ng'ombe. Huyu kapunguza, yule kaongeza. Bila ng'ombe hakujua aanzie wapi, wala yeye Bi Ndoo hakujua. Wangetazamana hivyo, uso kwa uso, bila mgongo wa mnyama wa kusemea nyuma yake? Ilikuwa kama kuvuliwa nguo hadharani.

"Utafunga mlango?" Bi Ndoo aliuliza.

"Nitafunga."

Akarudi jikoni.

Homa ilianza kumshika Mzee Kofia majira ya baridi yalipoingia. Ilikuwa homa ya ajabu. Asubuhi mzima wa afya, mchana mzima, jua likianza kushuka meno yanagongana. Aliificha. Alijifungia chumbani mapema akisema amechoka, na Bi Ndoo, aliyekuwa jikoni na kinyongo chake, alimwacha achoke. Binti yao mmoja, fundi cherehani, ndiye aliyeigundua. Alikuja kuwatembelea, akaingia kumsalimia baba, akamkuta anatetemeka chini ya mablanketi, shuka zimelowa chapa chapa, mgongo haugeuki.

"Mama, mnaishi nyumba moja! Huoni?" alifoka.

Bi Ndoo akaenda kutafuta shuka kavu.

Hospitali walisema ni ugonjwa ule ule wa ng'ombe. Mkewe alipimwa pia, akakutwa hana. Mzee akapewa sindano na vidonge vya wiki nyingi, akaambiwa apumzike, na kwamba hata akipona, viungo na mgongo huenda visirudi kama zamani. Binti alikuwa na wateja na watoto wake, ikambidi aondoke. Mlangoni alimshika mama yake bega. "Usimwache jioni," alisema. "Jioni ndio inamjia."

Kwa hiyo jioni, saa zile zile za bandani, Bi Ndoo aliingia chumba ambacho hakuwa amekaa humo tangu godoro lipite ukumbini. Alileta kigoda cha kukamulia, kwa kuwa kiti kingine kisingepita kati ya kitanda na kabati. Alileta maji ya vuguvugu na kitambaa. Mumewe alikuwa amelala ubavu, kofia imo kichwani. Alianza kumfuta shingo, kisha mgongo, na mgonjwa alijipinda kwa maumivu na kurusha mguu.

"Tulia wewe," Bi Ndoo alisema kwa mazoea, "nisije nikakufunga kamba."

Mabega yale mapana yakaanza kutikisika. Alidhani homa imepanda, kumbe mzee anacheka. Anacheka na kuugulia, anaugulia na kucheka. "Kamba imeoza," alisema ukutani.

Bi Ndoo naye akacheka, kitambaa mkononi, mpaka machozi yakamtoka. Yalikuwa maneno yao ya kwanza ya maana ndani ya nyumba ile tangu watoto wakiwa wadogo.

Kuanzia hapo walizungumza kila jioni. Mume aliangalia ukuta, mke alikaa nyuma yake akimfuta jasho, na labda kwa vile hawakuonana nyuso, maneno yalikuja. Walizungumza juu ya Shangazi. Walizungumza juu ya mtamba na yule muuzaji mwenye haraka, na Mzee Kofia alijilaumu, na mkewe akamwambia kuwa hata yeye asingejua. Jioni moja homa ilikuwa kali, macho yake mekundu, na aliuliza ghafla:

"Mbona ulihama?"

Mkono wa Bi Ndoo ulisimama.

"Chumba," alisema mumewe. "Ulibeba godoro. Mimi nilijua ni harufu."

"Harufu gani?"

"Yangu. Ya zizi. Dada yako aliwahi kusema hapa hapa, mimi nasikia, sijui anawezaje kulala na mwanamume anayenuka hivyo. Nikasema basi, na yeye kachoka. Nikawa najisugua. Hukumbuki ile sabuni?"

Aliikumbuka. Sabuni ya waridi, yenye kunukia hadi ukumbini. Mumewe aliogea ile sabuni mwaka mzima, na yeye, kule chumba cha mabinti, aliisikia na kuuma meno gizani, akijua fika kuwa kuna mwanamke mahali anayenukishiwa. Alikuwa amemchukia mwanamke yule. Alikuwa hata amempa uso.

"Haikuwa harufu," alisema polepole. "Ilikuwa mama."

"Mama yupi?"

"Mama yangu mimi. Alipokuwa akiumwa. Nilikuja bandani kukuomba niende, ukasema, na hawa? Nikabaki, na mama akafa sipo."

Mzee Kofia alijitahidi kugeuka. Ilimchukua muda, akishika ukingo wa kitanda, uso umekunjamana kwa maumivu ya mgongo, mpaka akamwona.

"Nilikwambia nenda," alisema.

"Hukusema."

"Nilisema. Nilisema, na hawa nitamwita jirani anisaidie, wewe nenda. Yule ndama alikuwa amebana mkono wangu, nilikuwa sina pumzi. Nilipotoa mkono ulikuwa umeshaondoka. Nikakuona unachemsha maji. Nikasema, kumbe kaamua kubaki. Nikakushukuru moyoni." Alipumua kwa shida. "Nilidhani umebaki kwa ajili yangu."

Bi Ndoo aliweka kitambaa kwenye bakuli. Alinyanyuka, akatoka, akavuka ua mpaka kwenye uzio wa malisho, akasimama pale. Nyasi zilikuwa zimerefuka hovyo, hakuna wa kuzila. Aliirudia ile siku kichwani, mlango, majani, mgongo wa mumewe, mtoto akilia mgongoni kwake. Je, mtoto alikuwa akilia? Kama alikuwa akilia, huenda kuna maneno aliyakosa. Na kama maneno yalisemwa, basi hakuna aliyemzuia, alijizuia mwenyewe, na mama yake alikufa akimngoja kwa sababu ya nusu ya sentensi. Na kama hayakusemwa, basi mzee wa watu, na homa yake, alikuwa amejitengenezea kitu laini cha kuegemeza kichwa, miaka mingi iliyopita, na sasa anakiamini. Hakujua lipi ni afadhali. Mtu wa kuulizwa hayupo. Aliona tu kwamba maisha yao yote yamepita ukumbini kama lile godoro, na kila mmoja akasogea ukutani kulipisha.

Hakulia. Alisimama mpaka baridi ikamwingia mifupani, kisha akarudi ndani kwa sababu shuka zitakuwa zimelowa tena. Zilikuwa zimelowa. Mumewe kalala kinywa wazi, mdogo kuliko alivyomdhania. Alimbadilisha shuka upande mmoja, akamviringisha, akambadilisha upande wa pili, naye hakuamka.

Hawakulirudia jambo lile kwa muda mrefu. Mara moja Mzee Kofia alianza, "Yale niliyosema siku ile..." na mkewe akasema, "Kunywa dawa." Akanywa.

Homa iliisha, kama madaktari walivyomtabiria binti. Mgongo haukurudi. Mzee Kofia alitembea akiwa ameinama, mkono kiunoni, na kukaa kwenye kigoda ikawa ndoto. Binti yao alipokuja alitazama chumba kikubwa, akatazama chumba cha mabinti, akaona godoro la mama yake liko pale pale. Alikuwa amejenga matumaini fulani, uso ukamshuka. Bi Ndoo alimwona. "Kitanda cha huku nimekizoea," alisema tu. Na ilikuwa kweli. Mtu hubeba godoro ujanani, lakini kulirudisha akiwa mzee kunataka nguvu ambazo hakuwa nazo.

Watoto walishauri waanze upya, sasa kwa kuwa banda limeruhusiwa. Mkubwa alikuwa tayari kuwaletea mtamba aliyepimwa damu. Mzee Kofia alitikisa kichwa. Bi Ndoo alitikisa kichwa. Ikawa mara ya kwanza katika miaka mingi kukubaliana kitu nje ya banda, na kilikuwa ni kukataa. Katika stoo ya majani viliwekwa vitu vya mjukuu mmoja aliyehama nyumba. Banda lilibaki jeupe, tupu, buibui wakaanza pembeni.

Ila mikono ya Bi Ndoo haikutulia. Jirani wa chini, mwalimu mstaafu, alikuwa na ng'ombe wawili na wafanyakazi wasiokaa, na alipokuja kumwomba amkamulie jioni, Bi Ndoo alikubali kabla mwalimu hajamaliza kuomba. Akawa anaondoka jua likishuka, ndoo mkononi, na kurudi giza likiingia. Mumewe alikaa barazani akimngoja, shuka mabegani.

"Huyo mwekundu vipi?" alikuwa akiuliza.

"Mkaidi. Maziwa anayashika mpaka umwimbie."

"Wa kwetu hakuna aliyeshika maziwa."

"Hakuna."

Na akiingia jikoni kutengeneza chai, aliacha mlango wazi, wakaendelea kuzungumza, yeye ndani, mume nje, juu ya ng'ombe wa watu.

Ilikuwa katika jioni moja kama hizo, hakuna kilichotangulia, Mzee Kofia alisema kutoka barazani:

"Mama yako alikuwa mtu wa namna gani? Mimi nilimwona kwenye harusi tu. Alikuwa na haya, hakuniangalia usoni."

Bi Ndoo alishika kikombe, akakiweka. Alijaribu kuikumbuka sauti ya mama yake, akakuta haipo tena, imetoka kichwani bila kumuaga. Basi akaanza na alivyokuwa akitembea. Alikuja mpaka mlangoni, akaegemea, akasema kwamba alitembea kwa haraka na vidole vya miguu vikitazama ndani, kwamba alikuwa akijichekea mwenyewe akiwa anafua, kwamba alimwogopa jogoo wake mwenyewe. Alisema mengine ambayo hakujua kuwa anayo. Chai ikapoa. Alipomtazama mumewe, kichwa kilikuwa kimeangukia kifuani, kofia imeteleza, kalala.

Bi Ndoo aliketi kwenye ngazi ya baraza na kuendelea, sauti ya chini, mpaka akafika mwisho wa habari za mama yake.